Mchumba wa binti yangu ni Mbajuni wa kweli, mimi ni Mbajuni wa karatasi

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Nakuandikia usiku, mke wangu na watoto wamelala. Nina miaka 49, naishi Leicester, Uingereza, naendesha basi. Kila anayenijua hapa anajua kwamba mimi ni Mbajuni wa Somalia, mzaliwa wa kisiwa cha Chula, niliyekimbia vita. Msikitini wananijua hivyo, kazini wananijua hivyo, na wanangu watatu wanajua hivyo. Ukweli ni kwamba nimezaliwa Ngamiani, Tanga, barabara ya 12. Baba alikuwa fundi wa reli, mama alikuwa anauza bajia na kachori kibarazani. Somalia sijaikanyaga hata siku moja.

Wabongo wa ughaibuni watakuwa wameshanielewa. Nilijilipua. Kwa wasomaji ambao neno hili ni geni, kujilipua ni kufika nchi ya watu, kuitupa pasipoti yako, na kuomba ukimbizi kwa jina na taifa lisilo lako. Miaka ile tulifanya wengi. Wapo waliojiita Warundi, wapo waliojiita Wanyarwanda, na sisi wa pwani tulikimbilia Ubajuni kwa sababu Wabajuni ni Waswahili wenzetu. Visiwa vyao viko kusini mwa Somalia, chini ya Kismayu, na Kibajuni ni lahaja ya Kiswahili. Ukizoea kwamba pale sisi tunaposema t wao mara nyingi wanasema ch, umeshapiga hatua kubwa.

Mimi nilikuwa na bahati mbaya ya kukijua zaidi ya wenzangu. Mwaka 1998 nilifanya kazi Mombasa, kwenye samaki, pamoja na mzee mmoja Mbajuni. Baada ya rais wa Somalia, Siad Barre, kupinduliwa mwaka 1991, wanamgambo waliingia visiwani kwao, wakapora, wakaua, na watu wakakimbia kwa majahazi hadi Kenya. Yeye na mkewe walikaa kambi ya Jomvu hadi ilipofungwa mwaka 1997. Jioni tukimaliza kazi alikuwa ananihadithia Chula, Chovai na Koyama, nani alikuwa na jahazi gani, kisima kilikuwa upande upi, mwanawe yupi alibaki. Nilimpenda yule mzee, Shangazi. Nilimsikiliza kama mjukuu. Nia mbaya haikuwepo Mombasa, ilikuja baadaye, kwenye ofisi ya uhamiaji ya Croydon, London.

Januari 2001 nilipanga foleni pale Croydon tangu alfajiri, na ilipofika zamu yangu nikavitaja vile visiwa kama ninavyoitaja mitaa ya kwetu Tanga, Chumbageni na Makorora. Kisima cha yule mzee nikakifanya changu. Wakaniuliza kuhusu baba. Nikasema aliuawa mwaka 1992, tena nikalia, machozi ya kweli. Siku hiyo baba yangu alikuwa Tanga, mzima wa afya, yuko karakana. Nilimuua kwa mdomo wangu mwenyewe mbele ya mkalimani.

Nikapewa ruhusa ya kukaa miaka 4. Kabla ya hapo tuliishi kwa vocha za chakula na pauni 10 za mkononi kwa wiki, lakini hayo yamepita, siyalalamikii. Baba alikufa kweli mwaka 2003. Sikwenda kumzika, kwa sababu sikuwa na hati ya kusafiria ambayo ningethubutu kuingia nayo Tanzania. Mwaka 2007 nikaapishwa kuwa raia wa Uingereza. Pasipoti yangu inasema nimezaliwa Somalia, na jina lililomo ni langu la kwanza peke yake. La baba na la babu niliyatunga.

Naja sasa kwenye jambo lenyewe.

Binti yangu wa kwanza ana miaka 22. Mwaka jana alikuja kijana wa Kiislamu, mpole, mhandisi, anamtaka kwa njia ya heshima. Tulifurahi sana mpaka tulipojua kwao. Ni Wabajuni. Wa kweli, wa Chula. Kijana akasema kwa furaha kwamba babu yake aliyeko Mombasa amemwambia Mungu mkubwa, vijana wamepotezana na kwao lakini damu imejua njia.

Siku ya posa walikuja na halua na kashata, tukawakaribisha kwa pilau. Baada ya chakula baba wa kijana akaanza kusimulia walivyopata karatasi. Yeye aliomba ukimbizi mwaka 2004. Walimhoji kwa simu, sauti yake ikarekodiwa na kupelekwa Sweden kuchambuliwa, jibu likarudi kwamba huyu si Mbajuni wa Somalia. Mtu ambaye mama yake alizikwa Chula aliambiwa ni Mkenya au Mtanzania. Alihangaika miaka sita. Alilala kwenye vyumba vya watu, hakuruhusiwa kufanya kazi, mkewe akajifungua mtoto wa pili huku wana barua ya kutakiwa kuondoka. Akasema, "Walikuwa wameshachoka na waongo. Kila mtu wa pwani alikuwa Mbajuni, wakawa hawamwamini Mbajuni mwenyewe." Kisha akanishika goti akaniambia, "Wewe ndugu yangu unayajua haya."

Nikasema, "Nayajua."

Tangu siku ile sijapata usingizi mzuri. Miaka yote nilikuwa najiambia uongo wangu haukumdhuru mtu, kwamba niliidanganya serikali tajiri na kodi yangu nailipa, zamu za usiku nafanya, sijawahi kukaa bila kazi. Yule bwana hakujua kwamba waongo aliokuwa anawasema, mmojawao ndiye aliyemmiminia chai.

Mke wangu anajua kila kitu, yeye ni wa Pangani, na amejilipua vilevile. Watoto ndio hawajui. Na hapa kuna jambo linaloniumiza kuliko yote, na sijui kama nitaweza kuliandika vizuri. Mama yangu yuko hai, Tanga, amepita miaka 80. Wanangu wanaongea naye kwenye simu kila Jumapili na wanampenda, lakini wanamjua kama mama mlezi, mwanamke mwema wa Tanga aliyenipokea nikiwa yatima wa vita. Mama alikubali. Nilimwomba kwa simu mwaka 2010, binti yangu alipoanza kuuliza maswali, akanyamaza kidogo akasema, "Kama ndivyo utakavyokuwa salama, sawa." Nimekwenda Tanga mara nne kwa viza ya matembezi, na kila mara nikiwa na watoto, mama anajibana asiseme neno "kumzaa". Mwezi uliopita akaniuliza, "Nikifa, wajukuu zangu wataniombea kama nani yao?" Nikajifanya simu inakatika.

Mwaka 2022 mwanariadha Mo Farah alitangaza kwamba jina lake halisi ni Hussein Abdi Kahin, na kwamba aliletwa Uingereza akiwa na miaka 9 kwa jina la mtoto mwingine. Tulikuwa tunatazama sebuleni. Binti yangu alilia, akasema, "Masikini, miaka yote hiyo hana wa kumwambia." Nilitoka nikaenda kusimama uani. Serikali ilisema haitamchukulia hatua, na ni haki, alikuwa mtoto aliyebebwa na wakubwa. Mimi nilikuwa na miaka 24 na akili zangu timamu.

Sheria nimejisomea, wakili sijamwendea kwa woga. Sheria ya uraia ya Uingereza ya 1981, kifungu cha 40, inaruhusu mtu aliyepata uraia kwa udanganyifu kunyang'anywa, hata kama atabaki hana nchi. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Mwalbania aliyejifanya mtu wa Kosovo, na tangu hapo inaeleweka kwamba uraia wa namna hiyo haufutiki wenyewe kana kwamba haukuwahi kuwepo. Lazima serikali iamue kuuondoa, na mtu ana haki ya kukata rufaa. Hilo limenipa pumzi kidogo kwa ajili ya watoto. Mimi je? Utanzania niliupoteza siku niliyoapa, kwa kuwa kwetu hakuna uraia pacha. Imekuja sasa hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, wenzangu wanaichangamkia. Ila ili niipate lazima nithibitishe asili yangu, na pasipoti yangu inasema asili yangu ni Somalia. Nyumba ya mama pale barabara ya 12 mimi mwanawe wa pekee siwezi hata kuidai kwa jina lililomo kwenye pasipoti.

Lakini hofu ya serikali si ndiyo inayonifanya niandike. Ningeweza kuendelea nayo, nimeizoea. Ni ndoa. Mimi ndiye walii wa binti yangu. Nitakaa mbele ya watu, nimshike kijana mkono, nimwoze binti yangu, na jina litakalotajwa baada ya jina lake ni la mtu ambaye hajawahi kuwepo duniani. Nimempigia shehe mmoja wa mji wa mbali, sikumwambia mimi ni nani. Akanisomea aya ya 5 ya Suratul Ahzab inayotuamrisha tuwaite watu kwa baba zao, akanikumbusha onyo la Mtume kwa anayejinasibisha kwa asiye baba yake hali anajua. Akasema serikalini andika kinachoweza kuandikwa, lakini kwenye nikahi binti aitwe kwa nasaba yake. Sasa nikitaja nasaba yake, wakwe watauliza huyu ni nani, na binti yangu atasikia jina la babu yake kwa mara ya kwanza siku ya harusi yake.

Mke wangu hataki nifungue mdomo. Anasema miaka 25 imepita, tuseme tu nilikuwa mdogo mno, ukoo siukumbuki, waache wamalize harusi. Ananiambia nikisema, nitakuwa nimejivua mzigo mimi na kumtwisha yeye na watoto, kwa sababu akinuna mtu mmoja tu upande wa pili na kuandika barua serikalini, tumekwisha sote. Siwezi kusema hana haki. Yeye naye ana karatasi zake za kupoteza. Lakini nikimtazama binti yangu anavyojifunza maneno ya Kibajuni kwenye simu ili ampendeze babu mkwe wake, anayaandika kwenye daftari, ananiuliza mimi kama amepatia, naona nimemwibia kitu ambacho hata yeye hajui kama alikuwa nacho. Ana bibi yake wa damu, na anamwita mama mlezi wa baba.

Naomba unishauri, na wasomaji wenzangu waliopita njia hii wanishauri pia. Nimwambie kwanza binti yangu, yeye ndiye aamue kama wakwe waambiwe? Au nimwendee yule bwana mwenyewe, mzazi mwenzangu, mtu kwa mtu, kabla ya binti kujua, kwa kuwa yeye ndiye niliyemkosea? Je, ni haki kumwambia mtu jambo linaloweza kumfungisha mke wangu mzigo arudi alikotoka, wakati mke wangu hajanipa ruhusa? Na mama, nimtambulishe kwa wajukuu zake kwamba ni bibi yao wa damu, au nimwache apumzike na alichokubali?

Ndoa imepangwa Mfunguo Mosi. Wabajuni wana miji kumi na nane, yaani koo, na mzee wa Mombasa anataka kujua mimi ni wa mji upi kati ya hiyo. Ameshanitafuta mara mbili nami nikatuma udhuru. Kijana amenipa habari jana kwamba babu yake atapiga mwenyewe Ijumaa baada ya swala ya alasiri, na amefurahi, kwa sababu anasema siku hizi hana tena mtu wa kuzungumza naye kuhusu kile kisima.

Mimi,
Mtu wa Ngamiani