Barua ya Wazi kwa Mwanasheria Mkuu: Cheti Kilichotiwa Sahihi Kilipwe

Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu,

Fundi wa umeme niliyempa sehemu ya kazi yangu alinishtaki katika Mahakama ya Madai Madogo, hapa Milimani, Nairobi, akashinda, na alistahili kushinda. Sheria ya 2016 inaitaka mahakama hiyo imalize madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 ndani ya siku 60, na ndivyo ilivyokuwa. Niliuza lori langu la kubebea mawe nikamlipa.

Nami ninadai. Taasisi ya umma iliyonipa kandarasi ilimtuma mhandisi wake akakagua kazi, akatia sahihi cheti cha malipo, na jengo linatumika kila siku, lakini fedha sijaziona.

Mkataba wetu una kifungu cha usuluhishi, yaani mzozo uamuliwe na msuluhishi wa faragha badala ya mahakama, kwa hiyo nikikimbilia Mahakama Kuu, upande wa pili unaweza kuomba kesi isimamishwe chini ya kifungu cha 6 cha Sheria ya Usuluhishi ya 1995. Nikimwendea msuluhishi nikashinda, aliyeshindwa ana miezi 3 ya kuomba uamuzi huo utenguliwe, nami sina budi kuiomba Mahakama Kuu iutambue kabla haujatekelezwa. Hata hapo bado. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Kesi za Serikali, Sura ya 40, hakiniruhusu kukamata mali ya serikali; hunibidi nichukue hati ya amri, yaani hati ya mahakama inayoonyesha kiasi ninachodai, niiwasilishe serikalini, nisubiri, kisha nirudi mahakamani kuomba afisa mhasibu, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha za taasisi, ashurutishwe kulipa, na akikaidi, nirudi tena kulalamika kwamba ameidharau mahakama. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inaniahidi riba kwa kucheleweshewa malipo, ila riba ambayo haijalipwa haiizuii benki kuuza shamba nililoweka rehani.

Siombi kifungu hicho cha 21 kifutwe, kwa maana sitaki kuona ambulensi ya wagonjwa ikipigwa mnada kwa sababu ya deni langu. Ninachoomba ni mswada wa sheria inayofanana na ile ya Uingereza ya 1996, ambayo inampa kila mwenye mkataba wa ujenzi haki ya kupeleka mzozo wakati wowote kwa mwamuzi anayetakiwa kuamua ndani ya siku 28, na uamuzi wake unafuatwa hadi msuluhishi au mahakama itoe kauli ya mwisho. Kwetu mwamuzi wa namna hiyo hupatikana pale tu mkataba unapomtaja, na mikataba ya umma huandikwa na yule anayepaswa kulipa.

Mswada utachukua muda, najua. Wakati tukiusubiri, Mheshimiwa, Ibara ya 156 ya Katiba inakufanya mshauri mkuu wa serikali katika masuala ya sheria: waagize mawakili walio chini yako wasipinge mahakamani deni ambalo mhandisi wa serikali yenyewe amelithibitisha kwa sahihi yake. Hilo halihitaji kura ya Bunge.

Wako mwaminifu,
Mwanakandarasi, Nairobi