Siri za simu zisitolewe bila amri ya hakimu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ulinzi wa mawasiliano binafsi ya kielektroniki. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inamkataza mfanyakazi wa kampuni ya simu kutoa taarifa za mteja. Hata hivyo, sheria hiyohiyo inaruhusu taarifa hizo zitolewe zikihitajika na vyombo vya dola, bila kulazimisha ombi lipite kwanza mbele ya hakimu.

Orodha ya namba ulizopiga, saa ulizopiga na mnara ulioshika simu yako huweza kufichua mengi kuliko maneno yenyewe. Sipingi upelelezi, wahalifu nao wana simu. Lakini wenzetu wa Kenya, katika sheria yao ya kuzuia ugaidi ya mwaka 2012, waliweka kifungu kinachomtaka ofisa wa polisi aombe amri ya mahakama kabla ya kunasa mawasiliano. Iweje basi kwetu kesi ya wizi wa kuku ifunguliwe mlango mpana zaidi? Bunge lirekebishe sheria hiyo ili hakimu apitie kila ombi, na mwenye simu ajulishwe upelelezi ukishakamilika.

Msomaji wako,
Dodoma