Barua ya Kufunga Muhula wa Kwanza

Moshi, Juni

Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA SHULE, ADA NA YALE MADODOSO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza, hongereni. Katika mtihani wa utamilifu hakuna mtoto wetu wa Darasa la Saba aliyeshuka chini ya C kwenye Hisabati. Hisabati! Watoto walimbeba Mwalimu wao juujuu kutoka ofisini hadi kwenye mlingoti wa bendera, kiatu kimoja kikabaki njiani. Mimi nilipiga vigelegele, na walionicheka wacheke tu.

Ripoti zimo ndani ya bahasha. Masweta yaliyookotwa yako stoo.

Sasa madodoso. Kwenye ripoti tumezoea kuandika “Heshima A, Ushirikiano B” bila kufikiri, nami nimo. Ndiyo maana tulichukua dodoso la SDQ, la kupima tabia na hisia za mtoto, alilolitunga Robert Goodman wa Uingereza mwaka 1997, nalo lipo kwa Kiswahili. Maswali ni 25. Mzazi anajaza lake na mwalimu lake, akitazama miezi sita iliyopita: si kweli, kweli kiasi, kweli kabisa.

Wengine mmejazia getini, gari linanguruma, vema zimeshuka safu moja toka juu hadi chini. Safu hiyo imepita hata penye kupigana na wizi. Kwa peni yako mwenyewe, mtoto wako ni mkarimu kweli kabisa na mwizi kweli kabisa. Dodoso moja lilijazwa na dada wa kazi, na kusema ukweli ndilo lililonisaidia kuliko yote.

Mnajua kilichotokea. Wavulana wanne wa Darasa la Tano walimfungia chooni mtoto wa Darasa la Pili, toka uji wa saa nne hadi kengele ya saa sita. Tulimkuta ameketi juu ya ndoo, kikombe mkononi, sauti imemkauka. Wazazi wa wote wanne walikuwa wamejaza “kweli kabisa” penye upole kwa watoto wadogo. Mama mmoja aliniambia, “Mwalimu, nyumbani huyu anambeba mdogo wake mgongoni.” Namwamini. Thomas Achenbach na wenzake wa Marekani walipitia tafiti nyingi mwaka 1987 wakaona mzazi na mwalimu huwa hawakubaliani sana kuhusu mtoto yuleyule, kwa kuwa kila mmoja anamwona mahali pake. Sitaki tufanane, nataka uandike ulichokiona. Aliyeniudhi ni yule aliyesema “utoto tu huo” macho yakiwa kwenye simu. Mwanawe atapokelewa Julai akiletwa na mzazi, si na bodaboda.

Ada. Wapo wanaodaiwa tangu Januari, na Jumapili tunaonana nao kwenye nyama choma, wananisalimia vizuri sana. Bila risiti ya benki, getini hapapitiki.

Dodoso jipya limo kwenye bahasha. Lijazwe nyumbani, mmeketi.

Wasalaam,
Mwalimu Mkuu

N.B. Kiatu cha Mwalimu wa Hisabati hakijaonekana. Ni cha mguu wa kushoto, cheusi.