Mchanga wa mito ni tangi la maji

Mhariri,

Ghorofa zinapopanda Nairobi, mito ya msimu ya Machakos, Makueni na Kitui inashuka, kwa kuchimbwa mchanga wa kujengea. Pato la taifa huhesabu jengo. Maji yaliyoondoka na lori la mchanga hayahesabiwi popote.

Mchanga wa chembe kubwa hushika maji kiasi cha robo ya ujazo wake au zaidi, na huyakinga na jua. Lori la mita za ujazo 10 likiondoka, mto umepoteza nafasi ya lita 2,500 hivi, kila msimu, mpaka mchanga urudi. Mwamba ukibaki wazi, mafuriko hupita mbio, kingo humomonyoka, visima vya pembeni hukauka na safari ya punda wa maji hurefuka. Nguzo za madaraja nazo huachwa uchi.

Sheria ya kudhibiti uchimbaji mchanga ipo, Makueni ilitunga yake mwaka 2015. Tunachodai ni upimaji: kabla ya kibali, fimbo ya chuma ishindiliwe hadi mwambani katika sehemu kadhaa za mto. Mchanga usipofika mita 2, pasichimbwe. Na wajenzi waongeze vumbi la kokoto badala ya kutegemea mto pekee.