Safari ya Alpi kwa gari: hesabuni saa za usukani, si idadi ya nchi

Mhariri,

Kila likizo ya katikati ya mwaka inapokaribia, kurasa za safari za magazeti yetu hujaa mipango ya kuzunguka Ulaya kwa gari: nchi nane kwa siku kumi na mbili, leo Paris, keshokutwa Venice. Mipango hiyo inawaumiza watu. Familia inajibana miaka miwili mitatu ipate nauli na viza, halafu ikifika huko inachokiona ni barabara kuu, vituo vya mafuta na kuta za kuzuia kelele. Naomba nafasi nieleze mpango mmoja unaomfaa anayetaka kuona mandhari, na yale yanayouharibu.

Chagua safu moja ya milima, uizunguke. Kwa Alpi, anzia na kumalizia Munich, kwa sababu kampuni za magari ya kukodi hutoza pesa nyingi ukichukua gari nchi moja na kulirudisha nyingine. Toka Munich hadi Zell am See, Austria, vuka barabara ya Grossglockner hadi Heiligenblut na Lienz, ingia Italia kupitia San Candido, kisha Cortina d'Ampezzo, vipito (barabara zinazovuka juu ya milima) vya Falzarego na Pordoi, Bolzano, Merano, panda Stelvio, shukia Uswisi kupitia Umbrail, halafu Zernez, Julier, Chur, Oberalp hadi Andermatt. Ukiwa Andermatt fanya mzunguko wa vipito vya Furka, Grimsel na Susten, ambao ni kilomita 120 hivi, kisha rudi kupitia Lucerne na Zurich. Jumla ni takriban kilomita 1,400. Kwa ramani inaonekana safari ya siku tatu. Mpe dereva siku kumi, na kumi na mbili ndizo zinazofaa.

Hesabu ni hii: kwenye kona za milimani, pamoja na waendesha baiskeli na mabasi, wastani wako ni kilomita 35 hadi 40 kwa saa. Saa nne za usukani kwa siku zinamtosha mtu anayetaka pia kuona kitu. Kwa hiyo siku ya vipito ni kilomita 150, basi. Anayepanga 400 atafika hotelini usiku, na dereva hatakuwa ameona chochote zaidi ya lami.

Majira yanaamua kila kitu. Vingi vya vipito hivi hufungwa kwa theluji. Grossglockner hufunguliwa kwa kawaida mapema Mei hadi mapema Novemba, na hata hapo hufungwa usiku. Stelvio na Furka huchelewa zaidi, mara nyingi hadi mwisho wa Mei au Juni. Salama ni kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Septemba, na Septemba ni bora kuliko Agosti. Karibu na tarehe 15 Agosti Italia nzima iko likizo, na Jumamosi za kiangazi foleni ya handaki la Gotthard, Uswisi, hupimwa kwa kilomita. Hata Julai theluji inaweza kuanguka juu ya mita 2,500, kwa hiyo jioni ya kuamkia kipito angalia mtandaoni kama kiko wazi. Usiiachie simu ikuongoze tu.

Kuhusu viza: Ujerumani, Austria, Italia na Uswisi zote zimo Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, hivyo viza ya kuingia mara moja inatosha. Omba kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi. Usiku ukilingana, omba kwa nchi utakayoingia kwanza. Hapa ndipo maombi mengi yanapokwama: mtu anaomba Ujerumani huku hoteli alizoweka zinaonyesha usiku mbili Munich na usiku tano Italia. Hesabu usiku kabla ya kujaza fomu. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, bima ya matibabu iwe ya yuro 30,000 au zaidi, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Atakayeongeza Mostar au Kotor ajue kwamba Bosnia na Montenegro ziko nje ya Schengen. Akitoka na viza ya kuingia mara moja, hawezi kurudi kwenye ndege yake ya Munich.

Leseni yetu peke yake haitoshi. Chukua kibali cha kimataifa cha udereva, kwa Tanzania kutoka Chama cha Magari, kwa Kenya kutoka AA, ukibebe pamoja na leseni yenyewe. Kimoja bila kingine hakina kazi. Kwenye kaunta ya kukodi gari watataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva, na watazuia dhamana humo. Kadi za kawaida za benki nyingi hukataliwa, hata zikiwa na pesa. Weka nafasi ya gari la otomatiki mapema, maana ya gia za mkono ndiyo mengi, na kupanda Stelvio huku unajifunza kubadili gia kwa mkono wa kulia ni kujitafutia balaa. Taja nchi zote utakazopita ziandikwe kwenye mkataba. Ukivuka mpaka bila ruhusa, bima inaweza kukukana. Na uliza kiasi utakachobeba mwenyewe gari likipata ajali hata kama una bima kubwa. Watu husikia "bima kubwa" wakadhani hawadaiwi kitu.

Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto. Kule ni kulia. Ndugu zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi hili haliwasumbui. Hatari haiko kwenye msongamano, kwa kuwa pale unafuata wenzako. Hatari ni asubuhi mapema ukitoka sheli au maegesho kwenye barabara tupu: mwili unakwenda kushoto wenyewe. Kanuni ni moja: dereva akae upande wa mstari wa katikati ya barabara, abiria upande wa ukingo. Ukijikuta wewe ndiye uliye karibu na ukingo, uko upande usio wako. Kwenye mzunguko, magari huenda kinyume cha saa, na unatazama kushoto kwanza. Njia panda isiyo na alama wala taa, anayetoka kulia kwako ana haki ya kupita, hata kama barabara yake ni nyembamba.

Sasa barabara zenyewe. Grossglockner ilifunguliwa mwaka 1935, kazi ya mhandisi Franz Wallack: kilomita 48, kona kali 36, na kilele cha njia ni Hochtor, mita 2,504. Ina tozo yake mbali na stika ya kulipia barabara kuu. Kutoka Munich unaweza kufika Zell am See bila stika ya Austria, kwa kuwa kipande cha kutoka mpakani hadi Kufstein-Süd hakidai stika. Shuka hapo upite St. Johann. Fika kwenye lango la tozo la Ferleiten kabla ya saa tatu asubuhi. Mchana mawingu hupanda na radi za kiangazi huanza, na mlima wa mita 3,798 uliokuja kuuona unafichika. Usiache tawi la kwenda Kaiser-Franz-Josefs-Höhe. Ndiko barafu ya Pasterze inakoonekana, na jinsi ilivyopungua inaonekana pia.

Stelvio iko mita 2,757, na upande wa kupandia kutoka Prato una kona 48, kila moja imewekewa namba. Kwenye kona ya kulia huwezi kuona anayeshuka, kwa hiyo tazama juu kabla hujaingia: kama basi linakuja, simama chini ya kona ulipishe, maana linahitaji upana wote. Wapanda baiskeli wape angalau mita moja na nusu. Uswisi, barabara yenye alama ya bluu na tarumbeta ya njano ni njia ya mabasi ya posta. Honi yao ina sauti tatu, huisahau ukiisikia mara moja. Basi hilo lina kipaumbele, na dereva wake akikuashiria urudi nyuma, unarudi.

Kuteremka ndiko kunakoharibu magari. Aliyewahi kushuka Kitonga anaijua kanuni: gia unayoteremkia ni ile ambayo ungepandia. Wenye otomatiki wanaacha D na kukanyaga breki kilomita ishirini mfululizo. Pedi zinapata moto hadi zinateleza, mafuta ya breki yanachemka na kutoa mapovu, na kwa kuwa mapovu hubonyea, kanyagio linazama hadi chini bila gari kushikwa. Peleka gia kwenye M au L, iweke ya pili, acha injini ilizuie gari. Breki kanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi kabla ya kona, kisha achia. Ukisikia harufu ya kuungua, ingia eneo la kuegesha, upumzishe gari nusu saa. Usimwagie magurudumu maji, diski itapinda au kupasuka.

Mengine kwa haraka. Stika ya Uswisi ni faranga 40 na hutumika kuanzia Desemba ya mwaka uliotangulia hadi Januari ya mwaka unaofuata. Ya kielektroniki hufungwa na namba ya gari, basi inunue ukishakabidhiwa gari, tena kwenye tovuti ya serikali, si kwa wachuuzi wanaoongeza bei. Kwenye sheli za Italia pampu ya *servito* ni ya kuhudumiwa na bei yake iko juu. Ya *self* unajijazia. Tochi za kupima mwendo zipo kila mahali: nje ya miji mwisho ni kilomita 80 kwa saa Uswisi, 90 Italia, 100 Austria, na faini za Uswisi hazina huruma. Foleni ikianza kwenye barabara kuu ya Ujerumani au Austria, walio njia ya kushoto kabisa wasogee kushoto, wengine wote kulia, ili gari la wagonjwa lipite katikati. Fanya hivyo kabla hujasikia king'ora. Na wasomaji Waislamu: vyakula vya milimani Tirol, hata donge la mkate kwenye supu, mara nyingi vina *speck*, nayo ni nyama ya nguruwe. Ulizia la jibini au mchicha.

Jambo linalowakuta wengi baada ya kurudi nyumbani ni ZTL, maeneo ya katikati ya miji ya Italia yaliyofungwa kwa magari yasiyo na kibali. Alama ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu, na juu yake ubao wa taa. Ubao ukisema *varco attivo*, mtu hudhani lango liko wazi. Maana yake ni kwamba kamera inafanya kazi na hupaswi kuingia. *Non attivo* ndiyo ruhusa. Hoteli ikiwa ndani ya eneo hilo, wape namba ya gari waisajili kabla hujafika. Ukinaswa, kampuni ya gari itakata kwanza ada ya kupeleka jina lako kwa polisi, na hiyo si faini. Faini yenyewe huja kwa posta, na sheria ya Italia inawapa siku 360 kumfikia anayeishi ng'ambo. Tunza mkataba wa gari, risiti za tozo na picha za gari ulizopiga siku ya kulirudisha kwa mwaka mzima.

Msomaji wenu,
Arusha