Kwa Subira, kuhusu kile kichekesho

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeletewa na mama yake Rehema aliporudi kutoka kuwatembelea. Nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, halafu nikaingia ndani nikaisoma tena. Una mambo mawili. La kwanza, kwa sababu ya kichekesho nilichokisema jukwaani, kidato cha pili kizima sasa kinakuita Shangazi, na unauliza kama ni haki. La pili, mwalimu alipowauliza kazi za wazazi wenu, ulijibu kwamba mama anafanya biashara, na sasa unataka kujua kama ulidanganya.

Hukudanganya. Nauza kicheko, ila bidhaa yenyewe haina kopo wala mfuko, na mteja hulipa kabla hajaiona. Nitaanza na hilo la biashara kwa sababu ndilo refu. La Shangazi tutalifikia.

Watu wa umri wangu tulizoea kuchekeshwa na makundi. Ze Comedy walipokuwa EATV, na walipohamia TBC1 wakiwa Orijino Komedi, nyumba yenye televisheni ilijaa hadi dirishani. Joti akivaa gauni, bibi yako alikuwa anafuta machozi kwa upindo wa khanga. Lakini wale walikuwa wengi. Igizo likianza kudorora, mmoja anajiangusha, mwingine anadakia, mnavuka. Mimi nasimama peke yangu na maiki. Sina gauni la kuazima wala kitambi cha mto. Kichekesho kikibuma, kinabuma na mimi.

Watu wanadhani mchekeshaji ni mtu mcheshi. Wacheshi wamejaa kila kijiwe cha kahawa, na wengi wananizidi. Ila wa kijiweni anachekesha watu wanaomjua. Akikosa leo, kesho yupo pale pale na kikombe kile kile. Mimi namchekesha mtu aliyelipa kiingilio, kagombana na mumewe njiani, na jina langu kalisoma kwenye bango dakika hiyo hiyo. Kwa mtu huyo ucheshi peke yake hautoshi, lazima uwe umefanya kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Unakumbuka lile daftari la jalada jeusi ulilotaka kuandikia hesabu nikakupokonya? Humo kuna kichekesho cha Mwendokasi, yale mabasi ya Dar. Mara ya kwanza nilikisema hivi: Mwendokasi hauna kasi, ni kama yule jamaa wa mtaani kwetu anayeitwa Tajiri na anakopa hadi vocha. Watu walitabasamu. Tabasamu ndilo baya kuliko yote, maana mtu anakuonea huruma. Nikakigeuza: "Mtaani kwetu kuna jamaa anaitwa Tajiri. Anakopa hadi vocha. Nilikuwa namshangaa sana, mpaka siku nilipoanza kupanda Mwendokasi." Maneno karibu ni yale yale. Tofauti ni kwamba Mwendokasi sasa liko mwisho, na mtu anafika pale bila kujua anapelekwa wapi. Kimara walipiga meza. Masaki, ambako kila mtu kaja na gari lake, walinitazama kama nawasomea taarifa ya habari. Ndiyo maana nakipeleka kila mahali kabla sijakiamini.

Na kukipeleka kila mahali maana yake ni zile baa za Sinza na Kinondoni zinazotoa jukwaa katikati ya wiki, ambapo chipukizi anapewa dakika tano na soda. Mimi si chipukizi tena, ila kichekesho kipya ni chipukizi siku zote, kwa hiyo naenda nacho. Kuna siku mpira unaonyeshwa ukutani na wewe unaongea chini yake. Mtu akishangilia hujui ni wewe au ni goli.

Nikishajua kinachekesha, ndipo simu zinapoanza. Mtu anarekodi, anakata kipande, anakirusha, na kufikia Ijumaa ukumbi mzima umeshakisikia. Diamond akiimba wimbo wa miaka kumi iliyopita, watu wanaimba naye na wanaomba arudie. Mimi nikirudia cha mwezi uliopita, wanataka kiingilio chao. Miezi ya daftari inaisha kwa klipu ya sekunde arobaini. Sisemi mtandao ni adui. Anne Kansiime wa Uganda alivuka mipaka ya kwao kwa vipande vifupi kama hivyo, na ni mwanamke. Nasema tu kwamba klipu inakutangaza na inakula akiba yako wakati huo huo, kwa hiyo kuna vichekesho naviacha virekodiwe na vingine nawaomba watu kwa heshima waweke simu mfukoni. Nusu wanaweka.

Sasa pesa, maana najua ndilo ulilotaka kuuliza ukaona aibu. Jukwaa halijawahi kutulipia kodi ya nyumba. Inayolipa ni kusherehesha. Harusi, sendofu, kichen pati, mkutano wa mwisho wa mwaka wa kampuni. Kwenye kichen pati nakuwa MC, nachekesha wanawake watupu, somo akimaliza mafunzo yake napokea mimi, na pale ndipo nilipojifunza kuongea na watu wanaokula. Kampuni ndizo ngumu zaidi. Wanakuweka baada ya chakula cha mchana, kabla ya hotuba ya mkurugenzi, na hakuna anayecheka mpaka amtazame bosi kwanza. Siku hizi namtafuta bosi kabla ya kupanda, namsalimia, namwangalia anacheka nini. Nikishamjua huyo mmoja, mia mbili waliobaki wananifuata.

Harusi nazo zina msimu. Ramadhani hakuna sherehe, Kwaresma hakuna sherehe. Kawaida moja ikifunga, nyingine inanipa chochote. Mwaka 2025 zilianza ndani ya wiki moja. Dini mbili zimebishana kwa karne nyingi, siku hiyo zikakubaliana jambo moja: mama yako asile. (Hiki nimekisema jukwaani. Mashehe wamecheka, mapadri wamecheka, mwenye nyumba hakucheka.)

Ndiyo maana unaniona nadai advansi kama mtu mwenye njaa. Kuna mwandaaji mmoja, jina namwachia mwenyewe, alinipandisha mbele ya ukumbi uliojaa, akanikumbatia nilipomaliza, akazima simu. Tangu hapo sipandi bila karatasi yenye sahihi. Wewe ulikuwa mdogo mwaka 2018, hukumbuki King Majuto alipougua. Mzee wa Tanga, Amri Athumani kwa jina la nyumbani, alikuwa kachekesha nchi nzima kwa miongo, na maneno yaliyotawala akiwa kitandani yalikuwa juu ya mikataba yake ya matangazo, hadi waziri akaunda kamati ya kuipitia. Agosti akafariki. Sisi tuliobaki tulianza kusoma karatasi hadi maandishi madogo. Nimejisajili BASATA, lile baraza la sanaa, nina namba ya mlipa kodi, na yule baba yako mdogo mwanasheria ananisomea kila mkataba kwa malipo ya sahani ya pilau.

Kuna mambo siyasemi jukwaani. Mwaka 2020 Idris Sultan alikamatwa baada ya kujirekodi akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli. Kuicheka tu, hakuongeza neno. Mwezi ule tulikuwa tunapitisha madaftari yetu kwa kalamu nyekundu, na kuna kurasa kwenye langu mpaka leo zimekunjwa. Majirani zetu Kenya walikuwa na kundi la Redykyulass lililomwigiza Moi akiwa bado yuko Ikulu, na nilipopata nafasi ya kwenda Nairobi nilidhani ningekuta watu wagumu. Nikakuta wananicheka kabla sijamaliza sentensi, kwa ule upole wa Kiswahili chetu. Niliteremka na makofi mengi, na nikiwa kwenye basi la kurudi nikajua nusu yake sikuyafanyia kazi.

Na kuna mengine nayasema wakati sitakiwi. Wanaume ninaopanda nao wanawasema wake zao kuanzia saa mbili mpaka saa nne usiku, na wake wenyewe wamekaa mbele wanacheka. Mimi nikisema neno moja kuhusu mwanaume anayekoroma, kesho yake baba zako wadogo wananipigia kwa zamu. Bibi yako yeye amepata njia yake. Majirani wakimwuliza naenda wapi jioni, anawajibu "ana kazi ukumbini," na wote wanaamini nafagia. Sijamrekebisha. Mfagiaji akirudi saa saba usiku kwa bodaboda, hakuna anayemsema.

Haya, tuje kwa Shangazi.

Nakiandika hapa kama kilivyo kwenye klipu, tusije tukagombania maneno. "Huyu mtoto nimemzaa kwa kisu, mshono ninao mpaka leo. Siku ya wazazi nafika shuleni, ananishika mkono, anawaambia wenzake: 'Huyu ni shangazi.' Nikamwambia sawa mwanangu, basi ada mwambie mama yako."

Sikuombi radhi kwa hicho. Ni kizuri. Kila neno liko mahali pake, na mama mmoja wa mstari wa mbele alinifuata baada ya onyesho akanipa kichen pati ya binti yake, na hiyo kichen pati ndiyo ada yako ya muhula huu. Lakini umeniuliza kama ni haki, na swali hilo limenirudisha Kisarawe.

Babu yako alikuwa Mnyamwezi, bibi yako ni Mzaramo, na unajua hayo makabila ni watani tangu enzi za misafara, karne ya 19, Wanyamwezi walipokuwa wakishuka kutoka Tabora na mizigo hadi pwani kwa kupita Uzaramo. Siku ya kumzika babu, mzee mmoja wa Kizaramo aliingia kaburini akajilaza. "Huyu ni mpagazi," alisema, "hawezi kulala bila mzigo. Leteni gunia la chumvi." Watu walikuwa wanalia na kucheka kwa pumzi moja. Hakutoka mpaka baba zangu wadogo wa Tabora walipomlipa. Kwa miaka mingi nimesema mbele ya watu kwamba yule mzee ndiye mchekeshaji wa kwanza niliyemwona akilipwa.

Nilichokuwa sikisemi ni kilichofuata. Mzee huyo alipokufa yeye, baba zangu wadogo walipanda basi kutoka Tabora. Walifika na gunia. Sitakuandikia walichofanya nalo, nitakusimulia likizo, lakini Kisarawe yote inakikumbuka. Mtani anasema chochote, hata juu ya maiti, kwa sababu upande wa pili una zamu yake. Asiye mtani wako humfanyii hivyo. Atakukasirikia, na atakuwa sahihi.

Ukumbini maiki ni moja na ninayo mimi. Wewe uko Morogoro, bila simu kwa amri ya shule, na kichekesho kimekufikia kupitia kaka wa mwanafunzi wa kidato cha nne. Zamu yako iko wapi? Hapo ndipo una haki ya kunung'unika. Na tena nakusaidia: mimi na wewe tunajua kwa nini ulisema shangazi. Nilikuja moja kwa moja kutoka kazini, sijalala, na lile wigi jekundu la jukwaani kichwani, kope za bandia zimebaki upande mmoja. Kichekesho hakitaji wigi. Nililitoa makusudi kwenye daftari, kwa sababu nikilitaja tu ukumbi wote unahamia upande wako.

Kwa hiyo naandika masharti, na wewe uyasome kama mkataba. Kuanzia sasa chochote kinachokuhusu nakusomea kwanza, likizo au kwa barua, na ukikikata kimekatwa. Mambo ya mwili wako, alama zako za mtihani na baba yako hayapandi jukwaani hata ukikubali. Kile cha Shangazi siwezi kukirudisha, klipu imeshaondoka na sijui iko kwenye simu za nani. Lakini nina onyesho mwezi ujao, na nataka nisimame niseme, "Mwanangu amejibu," kisha nisome jibu lako kama ulivyoliandika, bila kubadilisha herufi. Wigi unalo, litumie. Lisizidi sentensi nne, na neno linalochoma liwe la mwisho. Likiwa katikati watu watalikanyaga kwa kicheko wasisikie linalofuata. Likichekesha, fungu la sita la malipo ya usiku huo ni lako. Likibuma, hasara ni yangu, maana mimi ndiye niliyelipandisha.

Usimpe mtu mwingine akuandikie. Najua Rehema ni mjanja, ila nitatambua.

Kwa matroni nimeacha pesa ya matumizi, sabuni ya unga, pedi za miezi miwili na ile sweta uliyosahau. Mama yake Rehema atakuja tena tarehe za mwisho wa mwezi, mpe jibu kwenye bahasha iliyofungwa. Na kwa mwalimu, ukitaka, sema mama ni mshereheshaji na mchekeshaji. Akicheka kabla hujamaliza, niandikie jina lake na anachofundisha.

Mama yako.