Tuchague majarida

Wadau habari zenu, ile ishu ya majarida tuimalize wiki hii jamani. La biashara nawaza The Economist, linatoka kila wiki na lipo tangu 1843, ila kwa mnaosimamia watu kazini Harvard Business Review litawafaa zaidi, linaingia ndani kabisa kwenye uongozi. Mazingira kuna Mother Earth News la tangu 1970, bustani, sola, mboji, vitu vya kufanya kwa mikono yako. Maseremala mna Fine Woodworking, hili nalipenda mno, picha zinakuonyesha mbao zinavyokatwa na kuungwa hatua kwa hatua. Kabla hamjapiga kura someni hata makala moja mpaka mwisho, msiangalie kava tu, na mkiona matangazo yamezidi semeni humu humu.